Feni ya Corolla ya mjomba: shajara ya kutafuta hitilafu

Siku ya 1, Jumamosi jioni

Mjomba ameniletea Corolla yake kutoka Pongwe, hapa Tanga. Ameendesha polepole, vioo vyote vimeshushwa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini yake. Huo mkono wa chini nitaueleza. Gari limechemsha mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, na safari hii mkaza mjomba alikuwemo, wanakwenda kliniki. Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa nzima, jua la kaskazi limewawakia, wakisubiri injini ipoe, mama wa watu na miguu yake inayovimba. Kazi hii siifanyi kwa kukisia.

Kabla sijafungua boneti nimemwuliza: linachemsha wapi?

"Barabara kubwa halina neno, mwanangu. Nikitoka nyumbani mpaka Kange sindano imetulia. Nikiingia Ngamiani sasa, watu, bajaji, maguta, mara nasimama mara natambaa, hapo ndipo inapopanda."

Jibu hilo limenipunguzia nusu ya kazi. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe. Likisimama, upepo pekee lililonao ni feni. Lingekuwa linachemsha likiwa mbioni na kupoa likisimama, ningeanza na rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Hili ni kinyume chake, kwa hiyo naanza na feni na nyaya zake.

Mafundi watatu wameshalipitia. Wa kwanza alitoa themostati (kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya rejeta yakipata moto) akaitupa, kwa hoja ile ile tunayoisikia kila gereji ya pwani: huku joto, themostati ya nini? Wa pili alibadilisha rejeta. Wa tatu ndiye aliyevuta waya kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye feni, akaupitisha kwenye swichi ya taa ya nyumbani, akaifunga swichi hiyo chini ya usukani. Mjomba akiona sindano inapanda anaibonyeza. Siku ya kliniki alikuwa anazungumza na mkewe, akasahau.

Nimeitoa swichi hiyo na kuifungua. Plastiki imekuwa kahawia na ncha zake za shaba zimeliwa. Swichi ya ukutani imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ambao unabadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri. Cheche yake inaning'inia kati ya ncha mbili na kuzila kidogo kidogo. Baya zaidi, waya wote ule hauna fyuzi hata moja. Ungechubuka mahali popote ukagusa bodi, ungeungua wote mpaka ndani ya kabini.

Lengo: feni ijiwashe na kujizima yenyewe kama gari lilivyotoka kiwandani. Waya wa direkti utoke wote.

Siku ya 2, Jumapili

Asubuhi sikugusa spana. Nimechukua ubao wa boksi la sabuni nikachora mzunguko, kwa sababu feni za Corolla za miaka hii (hii ina injini ya 5A-FE, cc 1498) zinafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani, na nahisi hapo ndipo mafundi walipopotea.

Wengi wanadhani maji yakipata moto, swichi ya joto *inaunganisha* umeme na feni inawaka. Kwenye gari hili swichi ya joto *inakata*. Injini ikiwa baridi, swichi imeunganisha njia na kuipeleka relei (swichi nyingine, inayovutwa kwa sumaku ya umeme) kwenye ethi, yaani bodi ya gari na hasi ya betri. Koili ya relei inapata umeme, inavuta, na kwa kuvuta huko inaitenganisha feni na umeme wake. Maji yakifika takriban nyuzi 93, swichi inakata, koili inalegea, springi inarudisha ncha mahali pake, na feni inawaka. Yakishuka chini ya nyuzi 83 hivi, swichi inaunganisha tena na feni inazima.

Ukiutazama vizuri mpango huu, una huruma ndani yake. Waya wa swichi ukikatika, soketi ikichomoka au koili ikiungua, feni inawaka na kukaa imewaka. Utasumbuliwa na kelele, lakini injini itabaki salama. Waliobuni walichagua upande wa kukosea.

Na unanipa kipimo kisichohitaji kifaa chochote: injini baridi, ufunguo oni, chomoa soketi ya swichi ya joto. Feni lazima izunguke.

Nimechomoa. Feni imetikisika kidogo, kama mtu aliyeamshwa akageukia upande wa pili, basi. Haikuzunguka.

Kwa hiyo tatizo, au mojawapo, haliko kwenye swichi. Liko kwenye njia ya umeme mkubwa: betri, fyuzi, relei, mota, ethi. Mota naijua ni nzima, maana kwa waya wa direkti ilikuwa inazunguka vizuri. Fyuzi haijakatika.

Hapa pana mtego ambao nataka kuuandika kwa kirefu, kwa sababu mimi mwenyewe ulinila muda nilipokuwa mwanagenzi. Ukichomoa soketi ya mota na kupima kwa mita, unasoma volti 12.5. Umeme upo! Fundi mwenye haraka anasema: umeme unafika, mota imekufa, nunua mota. Lakini mita inakunywa umeme mdogo mno. Njia iliyobakiwa na unyuzi mmoja wa shaba inatosha kabisa kuonyesha volti zote 12 kwenye mita, kama bomba lililoziba linavyoweza kuonyesha presha kamili mpaka ufungue koki. Njia ya umeme inapimwa ikiwa imebeba mzigo.

Nikarudisha soketi ya mota, nikachomeka sindano mbili nyembamba nyuma ya nyaya zake, swichi ya joto ikiwa bado imechomolewa, nikapima feni ikiwa inajaribu kuzunguka. Betri yenyewe 12.5. Kwenye mota 4.6 tu. Kwa hiyo karibu volti 8 zinapotelea njiani, na kilichobaki ni kuzifuata:

Kutoka hasi ya mota mpaka hasi ya betri: 0.2. Ethi haina lawama.
Kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi mpaka kuingia kwenye relei: 0.3.
Kutoka kuingia relei mpaka kutoka relei: 7.4.

Jumlisha na zile 4.6 za mota, unapata 12.5 kamili. Hesabu ikifunga namna hiyo, usingizi unakuja vizuri.

Tatizo lote liko ndani ya relei au soketi yake. Ampea kama 4 zilikuwa zinapita, na 4 mara 7.4 ni karibu wati 30, zote zinaungua ndani ya kitu kidogo kuliko kidole gumba. Nimegusa kifuniko cha relei nikatoa mkono haraka.

Siku ya 3, Jumatatu

Nimeitoa relei. Miguu yake mitatu inang'aa, wa nne ni mweusi. Chini yake, tundu la soketi limepanuka, plastiki imeyeyuka ukingoni, na ndani kuna ule unga wa kijani tunaoujua sana sisi wa Tanga. Boksi la relei liko jirani na betri, mvuke wa asidi upande mmoja, upepo wa chumvi upande wa pili. Gari hili miaka mingi lililala Raskazone, hatua chache kutoka baharini, kabla mjomba hajalinunua.

Kilichotokea nakiona kama nilikuwepo. Chumvi imekula mguso ukapungua. Mguso ukipungua, joto linazaliwa. Joto linalegeza chuma cha tundu, mguso unapungua tena, joto linazidi. Feni ikawa inazunguka kwa uvivu, halafu ikasimama kabisa. Fundi wa tatu alipovuta waya wa direkti aliiruka relei pamoja na soketi yake, ndiyo maana feni "ilipona".

Kubadilisha relei peke yake kusingesaidia, maana tundu lililopanuka lingeichoma na mpya. Nimekwenda kwa wauza spea za mtumba, nikapata boksi la relei la gari la aina ile ile lililokatwa na nyaya zake. Nimetoa kichuma cha tundu moja kwa kusukuma ulimi wake kwa sindano ya cherehani, nikakata waya wa zamani mpaka nilipokuta shaba nyekundu safi (sentimita nne nzima zilikuwa nyeusi ndani ya ganda), nikabana kiungo kipya, nikakilehemu kwa risasi, nikakivisha mpira. Relei nayo nimechukua ya aina ile ile. Muuzaji alitaka kunipa ya kawaida yenye miguu minne, inayowasha inapovuta. Ingefungwa hiyo, feni ingezunguka injini ikiwa baridi na kuzima maji yakichemka. Anayelazimika kutumia relei ya madukani atafute ya miguu mitano, apitishe feni kwenye mguu ulioandikwa 87a, siyo 87, na asome kwanza ampea zilizoandikwa kwa mguu huo, maana mara nyingi ni pungufu.

Saa kumi jioni: ufunguo oni, soketi ya swichi imechomolewa. Feni imeruka na kuvuma mpaka vumbi la chini ya mwembe likainuka. Kushuka kwa volti kwenye relei sasa ni 0.1.

Nimempigia mjomba nikamwambia kesho tunajaribu barabarani. Nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Siku ya 4, Jumanne

Limechemsha.

Yaani halijafika kuchemka, nililiwahi. Tulizunguka Makorora, tukaingia Ngamiani saa tano, tukasimama makusudi kwenye msongamano wa sokoni. Sindano ikapita nusu. Nikasubiri feni. Ikafika robo tatu, kimya. Nikafungua hita ya kabini mpaka mwisho na kupeleka upepo wake wote juu, maana hita nayo ni rejeta ndogo, inasaidia kuondoa moto, tukajikokota mpaka kivulini huku jasho linatutoka, nikazima.

Mjomba hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kwa upole: "Mwanangu, si unirudishie kiswichi changu tu? Angalau kile nakijua." Neno hilo limenikaa moyoni mchana kutwa.

Mchana nikaishuku swichi ya joto. Badala ya kukimbilia dukani, nimeitoa na kuipika. Sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, swichi imening'inizwa kwa waya, ncha yake tu ndiyo iko ndani ya maji na vyuma vya soketi viko juu, kipimajoto cha kioo nilichoazima kwa mwalimu wa sayansi kando yake bila kugusa sufuria, na mita imewekwa kwenye mlio, ule unaolia njia ya umeme ikiwa imeunganika. Mita ilikuwa inalia mfululizo. Nyuzi 60, 70, 80, 90, bado inalia. Kwenye 92 ikanyamaza. Nikaepua. Maji yakapoa taratibu, na kwenye 85 mlio ukarudi. Nimerudia mara tatu, majibu yamelingana.

Swichi ni nzima. Nimefurahi kutoinunua mpya, na nimehuzunika, kwa sababu sasa sina mtuhumiwa.

Siku ya 5, Jumatano

Nimelala na swali moja: kipimo changu cha Jumapili na Jumatatu nilikifanya injini ikiwa *baridi*. Ugonjwa unatokea injini ikiwa *moto*. Nimempima mgonjwa wa homa za usiku saa nne asubuhi.

Leo nimeliacha liungurume hapa hapa uani, ubao wa boksi mbele ya rejeta ili lipate moto haraka. Sindano ilipopita nusu na feni ikawa kimya, nikachomoa soketi ya swichi. Feni haikuwaka. Kipimo kile kile kilichofaulu kwenye baridi kimeshindwa kwenye moto! Nikazima injini haraka nikaanza kupima kabla haijapoa.

Swichi imechomolewa, kwa hiyo haimo kwenye hesabu. Relei inabaki imevuta, kwa hiyo waya wa swichi unapata ethi mahali pengine. Ufunguo ofu, relei nje, swichi nje, waya umebaki peke yake pande zote mbili. Mita kati ya waya huo na bodi: omu 3. Waya usiogusa kitu hautakiwi kusoma chochote. Nikakaa kwenye ndoo nikaiangalia mita bila kuitoa. Dakika ya kumi na nane ikaruka 3, 40, 7, halafu ikaonyesha njia imekatika kabisa. Injini ilikuwa imepoa.

Kijana ninayefanya naye kazi akaanza kutikisa nyaya kuanzia upande wa relei, mimi naangalia mita. Alipofika nyuma ya kinga ya bati ya eksozi, mita ikalia. Hapo. Kuna kamba ya plastiki ya kufungia nyaya iliyokazwa kwa nguvu, na ndani yake upo ule waya mwekundu wa direkti wa fundi wa tatu. Alipoupitisha waya wake aliufunga pamoja na nyaya za kiwandani, akazivuta zote mpaka zikalalia ukingo wa bati. Ganda la waya wa swichi limelainika kwa moto likakatwa kama siagi. Injini ikiwa baridi kuna nafasi ya unywele kati ya shaba na bati. Ikipata moto, bati linatanuka, ganda linalegea, shaba inagusa. Relei inadhani maji bado ni baridi, na feni inazimwa pale pale inapohitajika.

Yaani tatizo la kwanza lilizaliwa na chumvi, na la pili likazaliwa na dawa ya la kwanza. Upande ule mmoja ambao waliobuni hawakuweza kuukinga ni waya kugusa bodi, na ndio uliotupata.

Nimekata kipande kibovu, nimeunganisha waya mpya wa unene ule ule, nimeuvisha bomba la plastiki la mikunjo na kulirudisha kwenye vibano vyake vya asili, mbali na bati kwa upana wa vidole vitatu. Waya mwekundu wa direkti nimeutoa wote, mita mbili na nusu.

Siku ya 6, Alhamisi

Themostati. Nimenunua mpya ya nyuzi 82. Mjomba aliuliza kama kweli tunaihitaji kwa joto hili letu. Kwenye injini hii themostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ile inayoyarudisha kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo. Gari linakimbia baridi mno barabara kuu, na linapokuwa kwenye shida halipati nguvu yote ya rejeta yake. Nimeifunga kile kivalvu kidogo cha kutolea hewa kikiwa juu.

Maji yaliyokuwemo yalikuwa rangi ya chai. Ni ya kisima, amekiri. Nimesafisha mpaka yakatoka meupe, nikajaza kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke nusu, nikatoa hewa injini ikiunguruma. Mfuniko wa rejeta nao nimebadilisha, mpira wake ulikuwa umekauka. Mfuniko mzima unaoshikilia presha ya baa 0.9 unayafanya maji matupu yachemke karibu na nyuzi 118 badala ya 100, na kulanti inaongeza juu yake. Ndiyo sababu pia mfuniko haufunguliwi injini ikiwa moto: presha ikiondoka ghafla, maji yaliyotulia yanageuka mvuke mara moja, usoni mwako. Nimemwonyesha mjomba, nikamwonyesha na kijana.

Siku ya 7, Ijumaa

Baada ya swala tumetoka wote watatu, mimi, mjomba na mkaza mjomba kiti cha nyuma, kwa ombi lake mwenyewe. Kange, Pongwe, hadi Muheza. Tumenunua machungwa, tumerudi. Sindano imekaa mahali pamoja, chini kidogo ya nusu.

Halafu Ngamiani. Tumesimama sokoni dakika 25 kwa saa yangu, injini inaunguruma, jua la saa tisa. Dakika ya saba nikasikia feni inaanza. Ilivuma kama dakika mbili, ikazima yenyewe. Baadaye kidogo ikaanza tena. Mkono wa mjomba ulishuka chini ya usukani kwa mazoea, ukakuta pametupu, ukarudi juu.

"Imewaka yenyewe?" mkaza mjomba akauliza.

"Imewaka yenyewe," mjomba akamjibu, na akanimenyea chungwa.

Baada ya wiki mbili

Mjomba amepita bila gari kuwa na shida, nimemwomba dakika kumi nipime. Injini moto, feni inazunguka: kushuka kwa volti kwenye relei 0.1, haijapanda. Waya wa swichi dhidi ya bodi, ikiwa moto: hakuna kitu. Kulanti haijapungua. Nimepaka grisi kwenye soketi nyingine tatu za boksi hilo ambazo zimeanza ukijani, na nimemwandikia arudi masika yakiisha nizipime tena.